Kufungua maarifa kwa Kiswahili: mwongozo kamili wa kuunda kikundi cha kujitolea na kudai sheria bora ya hakimiliki

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu: tangu Januari 1, 2013, vitabu alivyovichapisha akiwa hai vinaweza kuchapwa upya, kusomwa kwa sauti, kunakiliwa na kuwekwa mtandaoni nchini Tanzania bila kumwomba mtu ruhusa. Mlango huo umekuwa wazi kwa zaidi ya miaka kumi, na bado wapo wanafunzi wanaozunguka wakitafuta nakala iliyochakaa ya kuazima.

Upande wa pili ipo milango ambayo kweli imefungwa. Mkutubi ana magazeti ya zamani yanayomeguka mikononi lakini hana uhakika kama anaruhusiwa kuyaskani. Mwalimu anataka kuwatumia wanafunzi sura moja ya kitabu kwa WhatsApp na haoni kifungu cha kumlinda. Ripoti ya utafiti iliyolipiwa na kodi za wananchi inatolewa ikiwa na maneno “haki zote zimehifadhiwa”.

Mwongozo huu unahusu yote mawili, na nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Kikundi kinachoandika Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, na kupiga picha na kuskani kila wiki ndicho kinachojua sheria inabana wapi, kwa sababu kinabanwa. Anayekwenda kwa wabunge bila kazi hiyo nyuma yake anakwenda na hoja za kuazima, na swali la kwanza tu la “mfano upi?” linamkwamisha. Kwa hiyo tunaanza na kazi, sheria inafuata.

Hatua ya kwanza: jua kipi kina mwenyewe na kipi ni cha wote

Hakimiliki hailindi habari. Inalinda namna mtu alivyoieleza. Urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895, hauna mwenyewe. Mwaka shule ilipojengwa hauna mwenyewe. Ukisoma gazeti, ukaelewa, ukalifunga, ukaandika kwa maneno yako na kutaja ulikopata, hujamwibia mtu. Ukinakili aya mbili na kubadilisha maneno matatu, umevunja sheria hata kama umetaja chanzo. Wahariri wapya wengi wa Wikipedia huamini kwamba kutaja chanzo kunatosha. Hakutoshi, na makala za namna hiyo hufutwa.

Pia zipo kazi ambazo sheria yenyewe imeziacha huru. Sheria ya Tanzania hailindi sheria za nchi wala hukumu za mahakama. Hili ni shamba kubwa ambalo halijalimwa. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na zile za Kenya kwenye Kenya Law. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama Tanzania, lakini hukumu nyingi za miaka ya nyuma ziko kwa Kiingereza. Kikundi chenye mwanasheria mmoja na waandishi wawili wazuri kinaweza kueleza kwa Kiswahili chepesi hukumu za ardhi, mirathi na ajira, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kuhusu muda, Kenya na Uganda nazo hufuata maisha ya mtunzi na miaka 50. Ila hakimiliki si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, wakati bara iko COSOTA. Ukiwa Unguja usinukuu sheria ya bara, na kinyume chake.

Tenganisha kazi na toleo. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na hakuna anayeweza kuudai. Lakini kitabu kilichochapishwa hivi karibuni chenye utenzi huo kina utangulizi, maelezo, tafsiri na jalada la mtu aliye hai, na hivyo vinalindwa. Chapa beti, acha maelezo. Vivyo hivyo kwa Shaaban Robert: maneno yake ni huru nchini Tanzania, michoro ya toleo jipya si huru. Na jina la mtunzi libaki juu ya kazi yake daima.

Jambo moja huwachanganya wengi. Wikimedia Commons, hazina ya picha na hati ambayo Wikipedia huchota humo, hukubali kazi ikiwa tu ni huru katika nchi ilikotoka na pia Marekani. Huko kitabu kinaweza kulindwa hadi miaka 95 tangu kichapishwe. Ndiyo maana kitabu cha miaka ya 1950 kinaweza kuwa huru Dar es Salaam na kikakataliwa Commons. Hapo msikate tamaa. Chuo, shule au maktaba iliyo nchini inaweza kukiweka kwenye tovuti yake yenyewe. Kama mnataka kazi isiyo na utata wowote ya kuanzia, zipo hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882. Hizo ziko huru pande zote.

Mwisho wa hatua hii ni leseni. Kazi mpya, yako au ya mwenzako, hulindwa tangu inapotungwa, hata bila kusajiliwa. Mwenyewe akitaka itumike kwa uhuru anaiachia kwa leseni, na zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Tatu zinawatosha: CC BY, inayodai jina la mtunzi litajwe, CC BY-SA, inayodai pia atakayeiendeleza atumie leseni ileile, na CC0, inayoachia kila kitu. Zile zinazokataza matumizi ya biashara hazikubaliki Wikipedia, na ninakubaliana na msimamo huo. Mwenye steshenari anayetoa kopi za makala kwa shilingi mia ni mfanyabiashara. Gazeti na redio ni wafanyabiashara. Ukiwazuia hao, umewazuia wale hasa wanaofikisha maarifa mahali ambapo intaneti haifiki.

Hatua ya pili: tafuta watu watano

Watano wanatosha. Mmoja awe na Kiswahili kilichonyooka, mmoja mkutubi au mwalimu, mmoja mwanafunzi mwenye muda, mmoja anayejua kamera, na mmoja asiyechoka kuwakumbusha wenzake. Huyo wa mwisho ndiye roho ya kikundi, mtunzeni.

Msianze na katiba, mwenyekiti, mweka hazina na mhuri. Nimeona vikundi vilivyogombana juu ya vyeo kabla ya kuandika hata sentensi moja. Chagueni siku moja ya wiki na mahali palepale, iwe maktaba ya mkoa au darasa baada ya masomo, na mfanye kazi kwa miezi kadhaa. Usajili utakuja siku mtakapohitaji akaunti ya benki au barua yenye nembo.

Zawadi nazo ziogopeni kidogo. Kati ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na zawadi zake zilikuwa pamoja na kompyuta. Makala zilipatikana kwa mamia. Shindano lilipokwisha, wengi wa walioshiriki hawakuendelea. Kinachomrudisha mtu wiki inayofuata ni kuona makala yake ya kijiji chao imesomwa, imerekebishwa, na kuna aliyemwandikia “asante” kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Hilo halina gharama, na ni jukumu la wenyeji wa kikundi kulifanya kwa kila mgeni.

Hamko peke yenu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, ina wakabidhi wake, yaani wasimamizi, na ukurasa wa Jumuia ambako mambo hujadiliwa. Jitambulisheni hapo kabla ya kufanya lolote kubwa. Tanzania, Kenya na Uganda zina vikundi vinavyotambuliwa vya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia na Commons, na Agosti 2025 mkutano wake wa dunia, Wikimania, ulifanyika Nairobi. Wapo watu wa kuwauliza kwa Kiswahili. Mkihitaji fedha za bando, ukumbi na chai, Wikimedia ina ruzuku ndogo za kati ya dola 500 na 5,000 ambazo kikundi kisichosajiliwa pia kinaweza kuziomba. Ombeni baada ya kuwa na kazi ya kuonyesha.

Hatua ya tatu: warsha ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu warsha mbaya hufukuza watu kwa miaka.

Kwanza akaunti. Mfumo wa Wikipedia huruhusu akaunti sita tu kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Watu ishirini mkikaa kwenye Wi-Fi moja ya chuo, wa saba na kuendelea watakataliwa, na asubuhi nzima itapotea. Kila mshiriki afungue akaunti nyumbani, kwa bando lake, siku mbili tatu kabla. Kama haiwezekani, ombeni mapema kikomo kiondolewe kwa siku hiyo. Tatizo jingine ni kufungiwa: kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja, na mharibifu mmoja akifungiwa, nawe umefungiwa naye. Ukikutana na ujumbe huo usidhani umekosa. Ipo ruhusa maalumu ya kupita kizuizi, na mhariri mwenye rekodi safi huipata akiomba.

Pili mada. Usimwambie mgeni “andika chochote”. Andaeni orodha ya makala fupi ambazo tayari zipo, zile zenye alama ya mbegu chini, kuhusu kata, mito, mazao, magonjwa na watu wa eneo lenu. Kukuza mbegu ni rahisi kuliko kuanzisha makala, na haifutwi. Angalieni pia wanawake: waandishi, wakunga, waimbaji wa taarab, wabunge wa kwanza. Pengo lao ni kubwa mno.

Siku yenyewe utaratibu uwe hivi:

1. Kila mtu achague makala moja na aisome yote.
2. Atafute vyanzo viwili vya kuaminika kabla ya kugusa kitufe cha kuhariri: kitabu cha maktaba, gazeti, ripoti ya sensa, tasnifu. Mkutubi wenu aje na vitabu vimeshapangwa mezani.
3. Asome chanzo, akifunge, aandike aya moja kwa maneno yake.
4. Aongeze tanbihi inayotaja chanzo kwa kila jambo jipya.
5. Abonyeze kuonyesha hakikisho kabla ya kuhifadhi, na aeleze kwa kifupi alichobadilisha.
6. Jirani yake aisome kwa sauti. Sentensi isiyosomeka kwa sauti si Kiswahili bado.

Hiyo ya sita ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ya tafsiri za mashine. Programu za kutafsiri zinajaza makala kwa dakika, na matokeo yake ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kwa mwendo wa Kiingereza. Msomaji akikutana na makala tatu za namna hiyo, harudi. Kutafsiri kunaruhusiwa kabisa, mradi utaje kwenye muhtasari wa hariri kwamba umetoa makala ya lugha fulani. Lakini mtu mwenye lugha aipitie sentensi kwa sentensi. Bora makala mbili zinazosomeka kuliko arobaini za aibu.

Tatu, baada ya warsha. Ndani ya siku saba mtu mmoja apitie kila akaunti, arekebishe makosa madogo na kumwandikia mwenyewe. Kisha pangeni kazi zinazojirudia kila mwaka ili kikundi kiwe na kalenda: kampeni ya wakutubi ya kuongeza tanbihi, 1Lib1Ref, hufanyika kuanzia Januari 15 na tena kuanzia Mei 15, Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na mashule hukubali kwa urahisi kuwapa ukumbi siku hiyo.

Kwa shule isiyo na intaneti, tumieni Kiwix. Ni programu ya bure inayobeba Wikipedia nzima katika faili moja, ikasomeka kwenye simu au kompyuta bila bando. Mtu mmoja apakue mjini, aipeleke kwenye memori kadi. Walimu wa vijijini hulipokea jambo hili kwa furaha kuliko semina yoyote.

Hatua ya nne: waombe wenye hazina wafungue

Picha za zamani ziko kwenye masanduku ya familia, kanisani, msikitini, studio za picha, na stoo za halmashauri. Kanuni ya kwanza ni kujua nani mwenye haki. Kwa kawaida ni aliyepiga picha, wala si aliyepigwa au anayeimiliki karatasi. Kenya ina tofauti yake: kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeiagiza, isipokuwa walikubaliana vingine. Usilichukue hilo kuwa ndivyo ilivyo kila nchi.

Kanuni ya pili ni kusema ukweli wote unapoomba. Usimfiche mtu kwamba leseni huria inaruhusu biashara, wala kwamba haiondoleki. Ujumbe uwe wa namna hii:

“Shikamoo Mzee. Mimi ni mmoja wa kikundi cha kujitolea kinachoandika Wikipedia ya Kiswahili hapa Tanga. Tunaandika makala kuhusu marehemu kaka yako, na tumeambiwa ile picha yake akiwa bandarini uliipiga wewe mwenyewe. Tunaomba uiachie kwa leseni huria. Maana yake mtu yeyote ataweza kuitumia, hata gazeti au mfanyabiashara, mradi alitaje jina lako. Picha itabaki yako na unaweza kuiuza kama kawaida, ila ruhusa hii ukishaitoa haiondoleki. Tafadhali zungumza kwanza na familia; nitakuja kukuona Jumamosi.”

Akikubali, apakie mwenyewe kwa akaunti yake mkimsaidia. Njia nyingine ni kutuma tamko la ruhusa kwa barua pepe kwa watu wa kujitolea wa Wikimedia wanaohifadhi ruhusa, anwani permissions-commons@wikimedia.org. Tamko litaje faili gani, kwamba yeye ndiye mwenye hakimiliki, na jina kamili la leseni. Kusema “nawaruhusu Wikipedia waitumie” hakutoshi, kwa kuwa ruhusa inatakiwa iwe ya kila mtu.

Taasisi zinahitaji uvumilivu zaidi. Usiende makumbusho au maktaba ukaomba hazina yote. Omba picha ishirini ambazo mpigaji alishafariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Jitoleeni kuskani wenyewe, na muwaachie nakala zote kwenye diski pamoja na orodha iliyopangwa vizuri. Mkuu wa idara akishaona picha zake kwenye makala inayosomwa na jina la taasisi likiwa chini, ombi la pili huwa rahisi. Kwa wizara na halmashauri, ombi bora ni sentensi moja tu: waweke kwenye tovuti yao kwamba picha na ripoti zao zinatolewa kwa CC BY. Hili halihitaji Bunge. Linahitaji saini ya ofisa mmoja.

Watafiti nao wana hazina. Majarida mengi humruhusu mwandishi kuweka nakala yake ya mwisho, ile ya kabla ya kupangwa na mchapishaji, kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Wengi hawajui au hawana muda. Kaa na mhadhiri mmoja kwa saa mbili, pitieni mkataba wake, pakieni makala zake. Nanyi mkishakuwa wahariri wa kudumu kuna malipo yake: mwenye akaunti ya miezi sita, hariri 500, na hariri kumi katika siku 30 zilizopita, anapewa kuingia bure kwenye majarida ya kulipia kupitia Maktaba ya Wikipedia. Kwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakiwezi kulipia majarida hayo, hili ni jambo kubwa.

Sasa onyo ambalo nalisema kwa moyo wote. Uhuru wa kisheria si ruhusa ya kufungua kila kitu. Nyimbo za unyago na mafunzo ya jando huenda hazina mtunzi anayejulikana wala miaka ya kuhesabu, lakini zina wenyewe, na wenyewe wameziwekea mahali na wakati wake. Dawa za mitishamba alizokueleza bibi ni maarifa yake na ya ukoo wake. Kenya imetunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, lakini hata pasipo na sheria heshima inatosha kuwa mwongozo. Ulizeni kabla ya kurekodi, mwambieni mzee itasikika na nani, rudini na rekodi aisikilize, na akisema sehemu hii msiitoe, msiitoe.

Hatua ya tano: daftari la vikwazo

Katika kazi yote hii mtakwama mara nyingi. Kila mnapokwama, andikeni: tarehe, kazi gani, mlitaka kuifanyia nini, nani alikataa na kwa maneno gani, kifungu kipi kilihusika, na nani amekosa huduma. Mistari sita. Picha ya mnara iliyofutwa Commons, iandikeni. Mwalimu aliyekatazwa kunakili sura ya kitabu ambacho hakiuzwi tena popote, mwandikeni. Mkutubi aliyeacha kuskani gazeti kwa sababu mchapishaji alikufa na warithi hawajulikani, mwandikeni.

Sijui silaha nyingine iliyo bora kuliko daftari hili. Mheshimiwa mbunge anaweza kupuuza hotuba ya haki ya kupata maarifa. Ukurasa wenye visa thelathini vya jimboni kwake hawezi kuupuuza kwa urahisi.

Hatua ya sita: sheria

Pangeni daftari kwa mafungu, na kila fungu liwe ombi moja. Mafungu manne yatajitokeza karibu kila nchi.

La kwanza ni haki ya kupiga picha za majengo na sanamu zilizoko hadharani na kuzitumia kwa lolote. Kenya inayo: sheria yake ya mwaka 2001 inaruhusu kunakili na kusambaza kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma. Afrika Kusini sheria ya 1978 inaruhusu filamu na televisheni, haikutaja picha za kawaida, na kwa hiyo picha za sanamu zake nyingi huondolewa Commons. Ubelgiji ilikuwa katika hali ya kufanana hadi 2016. Picha za jengo la Atomium la Brussels hazikuweza kuwekwa Wikipedia, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka huo baada ya kampeni ambayo watu wa kujitolea wa Wikimedia walishiriki. Chukueni kifungu cha nchi yenu, kiwekeni kando ya cha Kenya, na pendekezeni maneno kamili.

La pili ni maktaba, nyaraka na makumbusho kuruhusiwa kuskani walivyonavyo kwa ajili ya kuhifadhi. La tatu ni mafunzo ya mtandaoni: vifungu vingi viliandikwa mwalimu akiwa amesimama mbele ya ubao. La nne ni kazi za serikali ziwe huru tangu zinapotolewa.

Wasioona wana kifungu chao tayari na tuwasaidie kukitumia. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaozitaka nchi ziruhusu vitabu kugeuzwa nukta nundu au sauti bila kuomba ruhusa, umekubaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Shule nyingi hazijui. Waendeeni na nakala ya mkataba mkononi. Chama cha wasioona kikiwa upande wenu, hoja zenu husikika vingine kabisa: Afrika Kusini muswada wa marekebisho ya sheria ya hakimiliki ulizunguka miaka, Bunge likaupitisha, Rais akaurudisha mwaka 2020, lakini Septemba 2022 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Blind SA, chama cha wasioona cha huko, iliamua kwamba sheria ya zamani inawanyima wasioona haki zao.

Lipo na jambo la kulinda, nalo ni ile miaka 50. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hautaki zaidi ya hapo. Nchi kadhaa zilisukumwa hadi 70 kupitia mikataba ya biashara, Australia mwaka 2005 na Kanada mwishoni mwa 2022. Kwetu maana yake ingekuwa miaka ishirini mingine ya kusubiri kwa kila mwandishi wa kizazi cha uhuru. Kila mazungumzo ya biashara yanapotangazwa, andikeni barua kuuliza kama sura ya hakimiliki imo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zina nafasi zaidi: zikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, hazibanwi na sehemu kubwa ya TRIPS, mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, hadi Julai 1, 2034. Serikali ikiwaambia “mikono yetu imefungwa na mikataba”, jibuni kwa tarehe hiyo.

Kuhusu njia, Kenya katiba ya 2010 imewarahisishia: ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma, na ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Memoranda ya kurasa tatu, ya kwanza ikiwa na maombi na mbili zenye visa kutoka kwenye daftari, inatosha. Tanzania fuatilieni miswada inaposomwa mara ya kwanza, kwani baada ya hapo kamati hualika wadau kutoa maoni, na muda huwa mfupi sana. Msisubiri muswada wenye neno hakimiliki kwenye jina. Vifungu hubadilishwa pia kupitia Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, na ukurasa mmoja katikati ya kurasa mia unaweza kuwa wenu. Kabla ya hapo muwe mmekwishaonana na COSOTA au COSOZA na wizara inayosimamia sanaa, kwa adabu, mkiwa na maandishi.

Na wasanii. Hapa ndipo kampeni nyingi huanguka, na huanguka kwa haki. Mwanamuziki ambaye nyimbo zake zinapigwa kila baa na hapati mirabaha akisikia “kulegeza hakimiliki” anasikia mwizi anakuja. Nendeni kwake mapema, kabla hajasikia kwa wengine. Mwambieni wazi: hatuombi wimbo wako, hatuombi filamu yako, wala kitabu kinachouzwa dukani leo. Tunaomba kitabu kisichouzwa tena popote, picha ya sanamu ya barabarani, ripoti ya serikali. Kisha mpeni msaada unaomfaa: mwandikieni makala yenye tanbihi, msaidieni kusoma mkataba aliosainishwa, simameni naye anapodai mirabaha yake. Msipoweza kumtetea msanii anapodhulumiwa, hamna sababu ya kumwomba awaunge mkono.

Kifungu kikipita, kazi inabadilika sura. Fuatilieni kanuni za wizara, kwa kuwa kifungu kizuri huweza kukaa miaka bila kanuni zake. Andikeni mwongozo wa ukurasa mmoja kwa wakutubi na walimu, wenye namba ya kifungu, wabandike ukutani. Kisha fungueni daftari. Faili linalofutwa Commons haliteketezwi, hufichwa tu, na wakabidhi wanaweza kulirudisha. Kwa kila picha mliyoiandika humo, ombeni irudishwe mkitaja sheria mpya na tarehe ilipoanza kutumika, moja baada ya nyingine hadi mwisho wa orodha.